Mwalimu Inosenti Alipopakwa Masizi

"Mama Clemensi, hebu niambie ukweli wa Mungu: Mwalimu Inosenti alipelekwa Ulaya akapakwa masizi usoni akaitwa mfalme, au ni wivu tu wa watu wa kigango cha pili?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Cresensia tukipalilia maharage, yeye upande wake wa ua wa minyaa na mimi upande wangu. Nilimjibu kwamba ni kweli, ila hadithi yenyewe ni ndefu kuliko tuta la maharage. Akatupa jembe, akakaa chini. Cresensia amewahi kukaa chini kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Basi nilimsimulia, na sasa naandika, kwa kuwa kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, na mwishowe mboga haitalika.

Inosenti Qamara ni katekista wa kigango chetu huku juu ya Rhotia tangu mwaka sabini na mbili. Ni mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitamteta kidogo, na sitaki Bwana aje kuniuliza. Ana koti moja la kahawia, hulivaa hata siku ya kuogesha ng'ombe. Ana kitana, hukichomeka kwenye soksi. Akihubiri msibani, marehemu mwenyewe angeweza kuinuka akaomba apumzishwe. Na akisema jambo huanza na "Mimi kama mwalimu," hata kama jambo lenyewe ni bei ya chumvi.

Lakini kuna jambo moja ambalo Inosenti hafanyi nalo mzaha, nalo ni metimani. Kwa asiye wa kwetu: metimani ni kutengwa. Mwanamke akizaa mtoto mfu, au nyumba ikiingiwa na kifo kibaya, wazee wa Kiiraqw walikuwa wanaitenga nyumba ile. Hakuna wa kuingia, hakuna wa kushikana nao mikono, hakuna wa kula nao. Hata mtoni wanachota maji mahali pao peke yao. Miezi inapita, wakati mwingine mwaka mzima, mpaka wazee waseme basi.

Mama yake Inosenti alitengwa hivyo, Inosenti akiwa mdogo. Alizaa mtoto mfu, akawekwa ndani miezi minane. Aliyeikata metimani ile alikuwa padri Mjerumani, Padri Alois. Alipita katikati ya uwanja wazee wakimtazama, akaingia, akaketi kwenye kigoda, akaomba maji, akayanywa kwa kibuyu cha yule mama. Kisha akatoka nje akawaambia wazee, "Mimi nimekunywa. Sasa nitengeni na mimi." Wakashindwa. Tangu siku ile Inosenti alikuwa wa Padri Alois, roho na mwili. Alipokuwa katekista alikwenda nyumba hadi nyumba akikata metimani, akinywa maji ya kila mtu, na mwaka mmoja akaugua tumbo wiki tatu.

Sasa tuje kwenye safari.

Mwaka themanini na tatu ilikuja barua ya Padri Alois. Alikuwa amerudi kwao zamani, amezeeka, anaongoza parokia ya mji mdogo. Aliandika kwamba waumini wake wangependa kumpokea Mkristo mmoja kutoka kwetu, akae nao tangu Noeli mpaka Pasaka. Na chini kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, aliandika kwamba baraza la wazee wa parokia lina nia ya kutupa mashine ya kusaga. Ila lingeamua baada ya Noeli. Wangetaka kwanza kumwona mtu.

Mashine! Msomaji ambaye hajawahi kubeba debe la mahindi kutoka Rhotia hadi Karatu, akapanga foleni, akaambiwa dizeli imekwisha, akarudi na debe lile lile juu ya kichwa kile kile, asinihukumu kwa vile tulivyoishangilia barua. Shingo zetu zilikuwa zimekwisha. Binti yangu alipoteza mimba akiwa na debe kichwani. Tulipiga magoti tukamshukuru Mungu, halafu tukainuka tukaanza kumfundisha Inosenti tabia.

"Ule unachopewa," nikamwambia.

"Useme asante hata kama hujui ni ya nini," akasema Cresensia.

Mkewe Katarina alimfunga vifungo vya koti akamwambia, "Baba Paulina, nakuomba kitu kimoja. Usihubiri."

"Mimi kama mwalimu..."

"Ndicho hicho ninachokuomba."

Akaenda. Yaliyotokea huko nimeyasikia kwake mwenyewe mara nne, na kila mara masizi yamekuwa yakipungua. Mara ya nne yalikuwa kidoa tu juu ya pua. Kwa hiyo mengi ya haya nimeyatoa kwa Katarina, ambaye aliambiwa mara moja tu, lakini akaambiwa yote.

Siku ya Noeli alikwenda Misani akiwa na kijiko mfukoni. Ndiyo, kijiko. Kwetu baada ya Misa ya Noeli nani anaondoka? Masufuria yako jikoni kwa mafiga tangu alfajiri, mbuzi amechinjwa, na asiye na kijiko anakula kwa mkono nyuma ya wenzake. Misa ilikuwa nzuri, anasema, kinanda kilikuwa kinatikisa mbavu. Ikaisha. Watu wakapeana mikono mlangoni, mikono yenyewe imevaa glavu, na kabla mtu hajafunga kamba ya kiatu uwanja ulikuwa mtupu. Kila mmoja na mlango wake.

Inosenti akasimama mlangoni pa kanisa na kijiko chake, akingoja. Alidhani wamekwenda kuleta vyungu. Alingoja mpaka mzee wa kufunga kanisa akaja na funguo, akamtazama yeye, akakitazama kijiko, akamwonyesha kwa kidole nyumba ya padri. Huko walikula watu watatu: Padri Alois, mama mpishi wake na Inosenti. Anasema mwenye kuzungumza mezani alikuwa saa ya ukutani.

Kisha ikaja Epifania. Kule wana desturi ya kwenda nyumba hadi nyumba siku zile, wamevaa kama wale mamajusi watatu, wakiimba na nyota ya bati juu ya fimbo, wakiandika baraka mlangoni kwa chaki, wakipokea sadaka kwenye kopo. Mmoja wa wafalme huwa mweusi. Kila mwaka walikuwa wanampaka mtoto masizi ya kizibo kilichochomwa. Mwaka ule wakafurahi sana: sasa tunaye mwenyewe!

Mwanzo walitaka avae shuka nyekundu na kushika mkuki. Walikuwa na kitabu cha picha za Ngorongoro, nao hawakuona kwa nini mtu wa Ngorongoro awe na koti la kahawia. Inosenti akawaambia kwamba yeye si Mmasai, na kwamba babu zake na babu za Wamasai walikuwa wakichukuliana ng'ombe. Wakasikitika. Lembris, Mmasai anayetuletea kondoo kutoka juu huko Ngorongoro, alipoisikia sehemu hii alicheka mpaka akaegemea kondoo. "Mmbulu avae shuka yangu?" akasema, maana ndivyo wanavyotuita sisi Wairaqw. "Aa. Hapo bora masizi."

Kwa maana masizi yalikuja. Mnawajua Wairaqw, Inosenti ni maji ya kunde, na miezi ya baridi inazidi kumng'arisha. Mwenyekiti wa baraza, Bwana Ruperti, mwenye bucha, alimtazama chini ya taa, akamgeuza upande huu na upande ule kama anayenunua dume, kisha akasema neno kwa Padri.

Hapa niwaambie kuhusu Kiswahili cha Padri Alois. Alijifunza kwa wapishi na mafundi wa kujenga, kwa hiyo alikuwa nacho kingi sana cha kuamuru na hakuwa nacho kabisa cha kuomba.

"Wewe Inosenti," akasema, "kaa. Funga macho. Hawa wanasema hutoshi."

"Sitoshi nini, Baba?"

"Weusi."

Bwana Ruperti akachoma kizibo kwenye mshumaa. Inosenti alikaa. Alifunga macho. Alimwambia Katarina kwamba alipokuwa amefumba alikuwa anaona shingo zetu, moja moja, na madebe juu yake. Wakampaka kuanzia kipaji cha uso hadi kidevu, wakamvika joho na taji la karatasi ya dhahabu, wakapiga makofi. Haya, nani kati yetu amewahi kuvumilia kiasi hicho kwa ajili ya unga wa jirani? Mimi sijawahi. Nilipoambiwa nilicheka kwanza, na machozi yalichelewa kuja.

Akatoka na wasichana wawili wa kwaya, wafalme wenzake. Amri ilikuwa: imba, andika, pokea, ondoka. Nyumba nyingine.

Ila kwetu mtu anayefika mlangoni na kuondoka bila kuketi tunasema amekuja kuhesabu ng'ombe. Nyumba ya kwanza akataka kuketi, wasichana wakamvuta joho. Ya pili, vivyo hivyo. Na kadiri walivyokwenda alianza kuona kitu. Mlango unafunguliwa kidogo, anatokea bibi au babu mmoja. Ndani kuna meza yenye sahani moja. Hakuna mtoto, hakuna jirani, na ni sikukuu. Nyumba ya tano, hivyo hivyo. Ya tisa, hivyo hivyo. Mkono unapitisha sarafu, mlango unafungwa, na ufunguo unasikika.

Na kitu kile alikijua.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Bibi Hedwiga, hatua thelathini kutoka nyumba ya padri. Inosenti alikuwa na maneno machache ya Kijerumani, akayapanga.

"Nani amekufa?" akauliza.

Yule bibi akashangaa. "Mume wangu."

"Lini?"

Akainua vidole tisa. Inosenti alidhani ni miezi. Msichana mmoja akasaidia: miaka.

Miaka tisa! Katika metimani ya kwetu hata mzee mwenye roho ya jiwe hajawahi kumfungia mtu miaka tisa. Inosenti akaelewa yote, au alidhani ameelewa: mji mzima ulikuwa metimani. Watu hawa, waliotutumia mapadri na masista kutukataza kutenga watu, walikuwa wametenga nusu ya wazee wao, kila mmoja na sahani yake, na sikukuu wanawaletea chaki.

Akampita yule bibi akaingia. Akaketi, na taji lake. Akaomba maji. Alipoletewa akamwonyesha bibi anywe kwanza, kisha akachukua glasi ile ile akainywa mpaka chini, masizi yakabaki kwenye ukingo. Wasichana walisimama nje na nyota, wakaimba beti zote, zilipokwisha wakarudia.

Akainuka, akasema kwa maneno aliyokuwa nayo: "Jumapili. Saa tisa. Kwa Padri. Kula. Wewe njoo."

Akarudi nyumba zote kumi za nyuma. Kisha akaendelea mbele. Alialika watu ishirini na saba. Kuhusu kumwuliza Padri, hakuona sababu: nyumba ya padri, kwetu, mlango wake ni wa nani?

Sasa, Jumapili ile saa tisa, katika chumba cha mikutano nyumbani kwa Padri, baraza la wazee lilikuwa na kikao. Ajenda ilikuwa moja: mashine ya kusaga ya Rhotia.

Wale wazee walioalikwa walikuja. Nawaambia walikuja wote ishirini na saba, na mmoja akaleta dada yake. Wamevaa nguo zilizonukia dawa ya nondo, wanawake wamepaka poda. Kila mmoja aliamini ameitwa na Padri mwenyewe kupitia mfalme. Mama mpishi, aliyekuwa hajapikia zaidi ya watu watatu tangu vita, alikaa kwenye ngazi akajifunika aproni usoni. Inosenti alivua koti. Alisonga kitu cha unga wa ngano ambacho hata yeye anakataa kukiita ugali. Mboga haikuwepo. Ila mezani, chini ya kitambaa cheupe, kulikuwa na soseji za Bwana Ruperti na keki nne, za wajumbe wa kikao.

Mnajua kilichotokea.

Wajumbe walipofika walikuta viti vimejaa, soseji zimekwisha na babu mmoja anapiga kinanda cha kodiani. Walisimama kwenye ujia na makaratasi yao kama watu wanaongoja daktari. Walisimama saa nzima. Bwana Ruperti aliiona soseji yake ya mwisho ikiingia kinywani mwa Bibi Hedwiga, ambaye alimpungia mkono kwa furaha. Kisha wakaondoka, na ajenda yao.

Padri Alois alimwita Inosenti ofisini kesho yake.

"Wewe Inosenti. Nani amekutuma?"

"Wametengwa, Baba. Nimeikata metimani, kama wewe ulivyofanya kwa mama yangu."

"Hapa hakuna metimani! Hapa watu wanapenda kukaa hivyo."

"Hata wazee wa kwetu walikuambia hivyo hivyo, Baba. Walisema watu wanapenda."

Padri akasema kwamba hilo ni jambo jingine. Mpaka leo hakuna aliyetueleza ni jingine kwa upande gani.

Baraza likatoa neno: mtu asiyejua utaratibu atapewaje mashine? Inosenti aombe radhi kwa maandishi, akiri kwamba alikosea kwa kuwaalika watu wale bila ruhusa, na barua iwafikie kabla Kwaresima haijaisha. Akikataa, mashine ingekwenda kwa watu wengine. Kulikuwa na maombi kutoka nchi nyingine pia. Padri Alois akatuandikia sisi, akatueleza yote, akatuomba, na hapo ndipo alipojifunza kuomba, tumshauri Inosenti.

Akina mama wa kigango tulikaa kikao chini ya paa la bati la kanisa. Sitaficha kitu. Hakuna aliyeuliza kama Inosenti amekosa. Hakuna aliyeuliza habari za Bibi Hedwiga. Sisi, ambao nusu yetu mama zetu walifungiwa ndani, tuliuliza tu mashine ile ni ya magurudumu mangapi.

"Aandike tu," alisema Cresensia. "Karatasi inamwuma nini?"

"Kama alivumilia masizi, atavumilia wino," akasema mwingine, tukacheka sana.

Katarina peke yake hakucheka. "Mnamjua mume wangu," akasema. "Kupakwa alikubali kwa sababu ni ngozi yake mwenyewe."

Hatukumsikiliza. Tukaandika: *Mwalimu, tubu upesi. Kama hukukosa, tubu hivyo hivyo.* Mwandiko ulikuwa wangu, maana nilisoma darasa la nne kwa masista na herufi zangu zimenyooka. Nimeungama dhambi nyingi ndogo katika maisha yangu, na ile barua nilichelewa kuiungama miaka miwili, nikijiambia si dhambi kwa kuwa stempu tulinunua kwa mchango wa sala.

Inosenti akajibu baraza kwa maandishi, kama walivyotaka. Padri akaitafsiri na kuisoma mbele yao. Katarina anasema baada ya kusomwa Bwana Ruperti alimwuliza Padri kama ametafsiri yote, Padri akasema ametafsiri yote, na kama wanataka ataisoma tena. Hawakutaka. Kura zikapigwa. Tulipata mashine kwa tofauti ya kura moja, na hiyo moja kila mjumbe kule anadai ni yake.

Mashine ilifika mwaka themanini na tano, imebandikwa kibao cha shaba chenye jina la Bwana Ruperti, kikubwa kuliko mdomo wa kumimina mahindi. Inasaga dizeli ikiwepo. Siku ya kuifungua tulimwinua Inosenti juu juu, tukamwimbia, tukamwambia kwamba ni sala zetu na toba yake vilivyoileta. Alikuwa juu ya mabega yetu, kitana kimechomoka kwenye soksi, naye akatazama chini akasema, "Toba gani?" Ngoma zilikuwa juu, tukazidi kuimba.

Cresensia aliposikia mpaka hapo aliniuliza, "Kwa hiyo hakutubu?"

Nikaenda ndani nikamletea nakala. Katarina aliniachia, akasema mumewe hapendi isomwe kanisani kwa sababu ni fupi mno, watu watadhani si yake. Cresensia hajui kusoma vizuri, nikamsomea mimi. Inasema hivi:

"Wazee wa baraza, Tumsifu Yesu Kristo. Soseji na keki nilizichukua bila kuuliza, kwa hizo naomba mnisamehe. Kwa kuwaita wale wazee siombi msamaha, kwa sababu itakuwa uongo na sasa ni Kwaresima. Mashine bado tunaiomba, wake zetu wanaumia shingo. Wao wameniandikia nitubu, lakini wao hawajakaa kwenye kiti cha Bibi Hedwiga. Mimi ninaondoka Pasaka. Naomba ufunguo wa chumba cha mikutano apewe yeye, Jumapili moja kila mwezi, pamoja na sufuria moja kubwa."